Kinusa Tochi na Begi la Rukia

Haya, chekeni, lakini mkimaliza mniachie nafasi nisimulie, maana mkasa huu kila mtu kwetu anausimulia kwa namna yake na mimi mwenye mkasa sijawahi kupewa zamu. Ndiyo, ni kweli, ni mimi niliyepeleka msiba kwenye nyumba ya harusi, tena msiba usio na maiti. Nimeshakubali. Kaole siku hizi nikipita watu wananisalimia huku wameficha midomo kwa kanga, nami naitikia marahaba na kuendelea na safari yangu, nifanyeje.

Chanzo chake ni mdogo wangu Athumani, kitinda mimba wetu, alipopata mchumba Kaole, binti mmoja anaitwa Rukia, mpole, mwalimu wa chekechea. Sote tulimpenda isipokuwa mama. Si kwamba Rukia alikuwa na kasoro, la, ila mama alishamchagulia Athumani binti wa jirani yetu hapo Tegeta, na moyo wake ulibaki ng'ambo ya ukuta kwa jirani. Posa aliitikia kwa shingo upande. Rukia alipokuja kumsalimia, mama alipokea shikamoo yake, akauliza hali ya wazazi, basi, akarudi kuchambua mchele wake. Athumani aliumia sana na mimi niliumia kwa ajili yake. Siku zilipokaribia mama akaniita chumbani akaniambia, "Mwanaidi, Kaole nitakwenda, ni mwanangu huyo. Lakini likiharibika jambo moja, moja tu, mimi narudi nyumbani kwangu na begi langu."

Mnajua wenyewe begi lilivyo kwetu. Sisi upande wa mume ndio tunaopeleka nguo za bi harusi, viatu, udi, manukato, kila kitu mpaka kitana, na bi harusi havai vya kwao siku hiyo, anakaa ndani kashasingwa, kaoga, kajifunga kanga, anasubiri begi la mume liingie ndipo avishwe. Begi likirudi, ndoa imerudi. Na kazi ya kuliendesha begi mpaka Kaole nilipewa mimi, dada mkubwa, kwa kuwa nina kigari.

Sasa, shida yangu na kigari hicho ilikuwa moja, tochi. Muda si mrefu kabla ya harusi trafiki walinipiga tochi, ile ya kupima mwendo, pale Mapinga nikiwa na mama pembeni (kibao cha hamsini nilikiona, ila nilikiona kwenye kioo cha nyuma), nikashushwa, nikasomewa makosa yangu kando ya barabara watu wakitoka msikitini, na mama ndani ya gari kajifunika uso kwa kanga kama yeye ndiye aliyeshikwa. Hakunisemesha mpaka tunafika nyumbani. Kwa hiyo nilipofikiria siku ya begi, na barabara ile ile, na mama yule yule na sharti lake la jambo moja, nikaona nitafute dawa, nikaenda Kariakoo.

Kijana wa dukani alinitolea kidude cheusi kinachoshika kwenye kioo cha mbele, akaniambia, "Dada, hiki kinainusa tochi kabla tochi haijakunusa wewe. Kikilia polepole, wako mbali. Kikilia harakaharaka, wameshafika. Basi." Kilikuwa na kioo kidogo chenye herufi zinazobadilika badilika, nikamuuliza hizo herufi ni za nini, akasema zisinisumbue. Hazikunisumbua. (Sijui hata kama kinaruhusiwa, sikuuliza, na nyie msiniulize.) Jioni ile nikapita nacho kwenye duka kubwa lenye milango inayojifungua yenyewe, kikalia kweli kweli, nikatazama huku na huku sioni trafiki, nikajisemea kumbe na wao wananunua maziwa kama sisi. Nikakiamini kabisa.

Jumamosi ikafika. Msafara wetu ulikuwa wa magari matatu. Mbele mimi, na pembeni yangu Shangazi Bi Nuru, dada yake marehemu baba, kalipakata begi na kulifunika shuka jeupe jipya, maana alisema macho ya watu barabarani si mazuri. Nyuma yangu shemeji yangu Hamza, mume wa mdogo wangu, na gari lake jipya kubwa, lile linalopiga kelele lenyewe ukikaribia ukuta, akiwa na masinia ya vitumbua na halua. Nyuma yake kosta ya akina mama wote wa upande wetu, na humo ndimo alimopanda mama, kwa sababu mbili, magoti yake yanataka nafasi ya kunyooshwa, na kwenye gari langu alisema hapandi tena. Kabla hatujaondoka Shangazi akasimama katikati ya magari akatangaza, "Gari lenye begi halipitwi. Atakayelipita ndiye atakayejibu huko mbele." Kwetu Shangazi akitangaza hakuna rufaa.

Tukatoka Tegeta vizuri. Boko pakaanza, tiit, tiit, polepole. Nikapunguza mwendo. Hamza nyuma, naye hana habari, akanisogelea. Kidude kikalia kwa haraka zaidi. Nikapunguza tena. Hamza akasogea tena, kikapandwa na wazimu, titititititi, nikakanyaga breki mpaka baiskeli ya muuza samaki ikatupita, kijana anapiga miluzi.

"Hicho kinacholia ni nini mwanangu?" Shangazi akauliza.

"Kinatuambia trafiki wapo mbele, shangazi."

"Mbona siwaoni?"

"Ndio maana yake. Kinawaona kabla yetu."

Shangazi akakitazama kwa heshima. Akasema wazungu Mungu amewapa.

Hamza kuona mwendo ule akaanza kupiga honi. Sasa niambieni nyie, kwenye msafara wa begi, mtu akipiga honi unaelewa nini? Nami nikapiga. Kosta nayo ikapiga, akina mama wakatoa vigelegele, Shangazi akafungua kioo akapunga mkono, Hamza akapiga honi ndefu zaidi ya kumaliza maneno, nasi tukazidi kufurahi, nikasema shemeji leo kachangamka. (Baadaye aliniambia alikuwa anatukana ndani ya gari mpaka akaona aibu mbele ya masinia.) Simu alipiga. Simu yangu ilikuwa kwenye mkoba, mkoba kwenye buti, juu yake ndoo ya maandazi. Kupita hawezi, tangazo la Shangazi analijua.

Tulipofika Bunju alishakata tamaa ya honi. Na kwa kuwa malori yalikuwa yanamjia nyuma kwa kasi na sisi tunatambaa, akawasha taa zote, za mbele na zile za kumetameta, apate kuonekana. Dereva wa kosta akaona mwenzake kawasha, akawasha naye. Na akina mama ndani ya kosta walikuwa wameshachoka, jua limepanda, nyimbo zimewaishia, wamejifunika kanga vichwani wameinama wanasinzia. Hebu tutazameni sasa kwa macho ya mtu aliyekaa kibarazani. Magari matatu, taa zinawaka mchana kweupe, mwendo wa mtu na miguu, mbele mama mtu mzima kainamia kitu cha shuka jeupe, nyuma kosta ya wanawake kimya. Mimi ndani ya gari langu sikujiona, niliona tu kwamba watu wa njia hii siku hizi wana adabu. Bodaboda wanapunguza mwendo. Wazee wanasimama. Magari yanayokuja mbele yanatupisha mpaka pembeni kabisa.

Mapinga palikuwa na trafiki wa kweli, chini ya kivuli, na tochi yake mkononi. Na hapo ndipo kidude kilipofanya jambo ambalo hakikuwa kimelifanya tangu asubuhi, kiliacha titititi yake, kikatoa mlio mmoja mrefu na herufi ikabadilika, nami nikasema basi kimechoka, nikakipiga kofi. Trafiki akatuelekezea tochi, akatutazama, akaishusha. Akavua kofia. Akaingia barabarani akayasimamisha magari ya upande wa pili ili tupite, akainamisha kichwa mpaka kosta ikamaliza.

"Umeona?" nikamwambia Shangazi. "Ukiendesha kwa nidhamu hata serikali inakuheshimu."

Kerege tukapitwa na Mjomba Kondo, kaka yake mama Rukia, naye anatoka Dar kwenda harusini. Alilitambua gari langu. Akaja sambamba nasi, akashusha kioo, akamwona Shangazi kainamia shuka jeupe (alikuwa na kichefuchefu cha mwendo ule wa kusimama na kwenda), akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa, akapandisha kioo, akaondoka kwa upole. Nikasema wakwe zetu hawa wamelelewa, na nikatamani mama angeona.

Jamani, Mjomba Kondo alikuwa anajua mambo mawili: kwamba makaburi ya ukoo wetu yako Bagamoyo, na kwamba mama wiki ile presha ilimpanda tukampeleka hospitali. Akajumlisha mwenyewe. Alipofika Kaole akawakuta wanapika pilau na muziki unalia, akauzima muziki, akamwita dada yake pembeni. Wakapiga simu ya mama, ikaita haikupokelewa, maana mama simu yake aliiacha kwenye chaji nyumbani kama kawaida yake. Wakapiga yangu, iko chini ya maandazi. Ya Athumani wenzake walimnyang'anya tangu asubuhi, bwana harusi wa nini na simu. Basi hapo hawakuhitaji tena kuambiwa.

Sisi huku tukaupita mji wa Bagamoyo, tukashika barabara ya Kaole, na karibu na nyumba Shangazi akazinduka, akalitengeneza begi mapajani, akatoa kichwa nje akawapigia akina mama ukelele waamke. Wakaamka kweli. Tukaingia uani kwa vigelegele na ngoma ya ndoo, Shangazi kashuka na begi kichwani anacheza, wenzake nyuma yake wanatikisa mabega.

Uani kulikuwa na mikeka. Juu ya mikeka wanawake wamekaa, wengine wamejifunika, wanalia. Sufuria za pilau zimeepuliwa, moto umezimwa maji. Vigelegele vyetu vikafa kimoja kimoja, cha mwisho kikiwa cha binamu yangu mmoja ambaye haoni vizuri. Wale wa mikekani wakatukodolea macho kana kwamba tumerukwa na akili, na sisi tukaelewa, maskini, wakwe zetu wamefiwa siku ya harusi. Shangazi akashusha begi, na Shangazi yangu kwa kulia hana mpinzani, akaangua kilio, tukamfuata wote.

Na sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo adabu yetu ilipotumaliza. Ukikuta watu wanalia huulizi nani kafa. Unalia kwanza, unatoa pole, jina litakuja lenyewe. Basi mama yake Rukia, Bi Saida, akanijia akanikumbatia akalia begani kwangu. "Mwanaidi mwanangu, Mungu akupe subira."

"Akupe na wewe, mama."

"Ni kazi yake, haina makosa."

"Haina makosa, mama."

Tukalia. Shangazi akanivuta kanga, akaninong'oneza, "Nani?"

"Sijui."

"Muulize."

"Nitamuulizaje, shangazi, na mimi nimeshalia?"

Bi Saida akajifuta macho, akauliza taratibu, "Mtamlaza leo leo, au mpaka kesho?"

Nikaona swali ni gumu kidogo kuulizwa mgeni. Nikasema, "Mtakavyoona nyie mama, sisi tupo nyuma yenu."

"Na yuko kwenye kosta?"

"Nani, mama yangu?" nikasema. "Ndiyo, yuko kwenye kosta. Magoti yanamsumbua."

Bi Saida akaniachia. Alinitazama, na sijasahau jicho lake lile. Na nyuma yangu mlango wa kosta ukalia, mama akateremka mguu mmoja mmoja na bakora yake, akanyoosha kanga, akasema kwa sauti yake ile ya kuita watoto, "Mbona mmeniacha peke yangu? Nani kafa hapa?"

Alikuwa mtu wa kwanza kuuliza siku nzima. Bi Saida alipiga yowe, mikeka yote ikasimama, wengine wakaingia ndani, mwanamke mmoja mnene alilivuka sufuria la pilau bila kuligusa, na Mjomba Kondo, aliyekuwa kasimama kando na tasbihi, akakaa chini.

Ilipoeleweka nani alikuwa analiliwa, mimi nilitaka kucheka, kisha nikamtazama mama, kicheko kikaniisha. Mama hakupandisha sauti. Alisema, "Kwa hiyo nimeletwa huku nizikwe. Hata nyumbani kwao sijaingia, wameshanifunga sanda." Akamgeukia Shangazi. "Wifi, rudisha begi garini."

Hapo nikamwona kwa mawazo Athumani na kanzu yake, atakavyofika na wanaume baada ya Alasiri akute hakuna ndoa, na chanzo ni mimi dada yake. Nikasimama mbele ya watu wote wale, wetu na wao, nikasema, "Mama, si wao. Ni mimi." Nikakieleza kidude changu, na nilivyoendelea kueleza ndivyo nilivyozidi kujisikia mjinga, trafiki wa dukani, honi, kofi la Mapinga, yote. Hawakuamini. Ikabidi nikawashe gari, Hamza naye alisogeze lake nyuma yangu pale pale uani, na kidude kikalia titititi mbele ya mashahidi, akirudi nyuma kinapoa, akija kinapandwa na wazimu.

"Shemeji," Hamza akasema, kajishika kichwa, "gari langu lina macho mbele, yanatazama kama kuna gari au ukuta karibu. Yanarusha mawimbi kama ya tochi. Hicho kitu chako hakimjui askari, kinajua mawimbi tu, hata milango ya dukani inayo. Tochi ya kweli unaikuta na unaiacha. Hii imekufuata kutoka Boko mpaka Kaole na hukujiuliza?"

Sikujiuliza. Nilidhani nchi nzima ina trafiki.

Watu walicheka, jamani. Walicheka mpaka wengine wakarudi mikekani kwa sababu miguu haiwabebi. Mama hakucheka. Alikuwa kashafika mlangoni mwa kosta, na Shangazi na begi nyuma yake, na nikaona maneno yangu yote hayajafika popote.

Ndipo Rukia akatoka. Bi harusi hatoki nje kabla hajavishwa, wanawake wakajaribu kumrudisha, akawapita. Kanga imelowa kifuani, uso umevimba, machozi yamefanya michirizi mashavuni, jicho moja halifunguki sawasawa. Akasimama mbele ya mama akasema shikamoo.

"Marahaba," mama akasema. Akamtazama sana. "Na wewe ulikuwa unalia nini? Mimi na wewe hatujazoeana."

Rukia akasema, "Ndilo nililokuwa nalilia, mama. Nilijua umeondoka hujanipenda bado."

Hakuna aliyecheka tena. Mama alishika bakora yake kwa mikono miwili, akatazama chini, na mimi ninayemjua nikaona imemwingia, maana mama yangu si mtu mbaya, ni mtu aliyechelewa tu. "Nani kakwambia sikupendi?" akauliza, na sote tulijua ni yeye mwenyewe, kwa matendo yake. Akamfuta Rukia uso kwa pembe ya kanga yake mwenyewe, akasema, "Wifi, lete begi." Akalipokea yeye, akaingia nalo ndani, akamvisha kwa mkono wake kuanzia kilemba mpaka viatu, kazi ambayo si ya mama mkwe na hakuna aliyethubutu kumwambia. Tulimsikia kupitia dirishani anasema, "Usilie tena, wanja hautakaa. Mimi nipo."

Ndoa ilifungwa baada ya Alasiri. Pilau ilikuwa mbichi mbichi kwa sababu ya ule moto uliozimwa, watu walikula hivyo hivyo. Kidude nilimpa Hamza akitupe, sijamuuliza alikitupa wapi, na siku hizi penye kibao cha hamsini naenda hamsini, nje ya hapo naenda kama watu wengine, na mtu akinipigia honi nasimama nimsikilize. Lakini nadhiri yangu kubwa si hiyo. Nimeapa sitalia tena na watu kabla ya kujua namlilia nani. Mtu akinikumbatia akaniambia pole, namshika mkono hapo hapo namuuliza, pole ya nani? Watu wananiona sina adabu. Acha wanione.